Kamari ya Mtandaoni kwenye Taarifa ya Benki: Jinsi ya Kujiandaa Kabla ya Kuomba Mkopo wa Nyumba

Mtu anayeomba mkopo wa nyumba hukusanya hati nyingi, lakini inayosema mengi kumhusu kuliko zote ni taarifa ya benki. Barua ya mwajiri huonyesha kinachoingia. Taarifa ya benki huonyesha pia kinachotoka, kinakokwenda, na kinachosalia mwezi unapokwisha. Wakopeshaji wengi huomba taarifa za miezi 3 iliyopita, wengine huomba za miezi 6, na aliyejiajiri huweza kutakiwa kuleta za mwaka mzima au zaidi. Endapo katika kurasa hizo majina ya kampuni za kubashiri na kasino za mtandaoni yanajirudiarudia, ombi husomwa kwa makini zaidi kuliko lingesomwa vinginevyo. Mwongozo huu unaeleza afisa anayelisoma ombi hilo anatafuta nini, na mwombaji afanye nini miezi kadhaa kabla ya kupeleka karatasi zake.

Kubeti katika kampuni iliyosajiliwa si kosa la jinai, na kwa kawaida hakuna sheria inayomkataza mkopeshaji kumpa mkopo mtu anayecheza. Uingereza ni mfano mzuri: tangu mageuzi yaliyoanza kutumika Aprili 2014, mkopeshaji wa nyumba analazimika kuthibitisha kipato cha mwombaji, kuhesabu madeni yake na matumizi yake ya lazima, na kupima kama ataendelea kumudu marejesho hata riba ikipanda. Kanuni hizo hazimwambii amkatae mcheza kamari. Jambo hilo limeachwa kwenye sera ya kila taasisi na busara ya afisa anayelichambua ombi, na ndiyo sababu ombi lilelile huweza kukataliwa mahali pamoja na kukubaliwa pengine. Kwa hiyo mwombaji asiingie na hofu kwamba ametiwa alama ya kudumu, wala asiingie na dhana kwamba hakuna atakayeona.

Jinsi kamari inavyoonekana

Watu wengi huangalia ripoti yao ya mikopo, wakaona ni safi, wakadhani mambo yamekwisha. Ripoti ya mikopo haiandiki dau ulilocheza Jumamosi. Inaandika mikopo, kadi za mkopo, ovadrafti (ruhusa ya kutoa zaidi ya kilichomo kwenye akaunti), malipo yaliyochelewa na madeni yaliyofika mahakamani. Kamari huingia humo kwa mlango wa nyuma tu, pale inapozaa deni. Katika taarifa ya benki, kinyume chake, kila muamala unasimama peke yake ukiwa na tarehe, kiasi na jina la aliyelipwa.

Hata jina likiwa halieleweki, upo utambulisho mwingine. Mitandao ya kadi humpa kila mfanyabiashara msimbo wa tarakimu 4 unaoonyesha aina ya biashara yake, na msimbo unaotumika kwa shughuli za kubashiri, kasino na tiketi za bahati nasibu ni 7995. Msimbo huo ndio unaoziwezesha benki kutambua na kuzuia malipo ya kamari mteja anapoomba yazuiwe. Aidha, siku hizi wakopeshaji wengi hawategemei tena macho ya afisa peke yake. Mwombaji hutoa ridhaa, akaunti yake inasomwa moja kwa moja na programu, na kwa muda mfupi miamala yote inakuwa imepangwa katika mafungu: kodi ya pango, chakula, usafiri, madeni, kamari. Jumla ya kila fungu hutokea kwenye skrini ya mchambuzi kabla hajasoma ukurasa wa kwanza. Pale ambapo watu hutumia zaidi pesa za simu kuliko kadi, taarifa ya akaunti ya simu huombwa pamoja na ya benki, nayo husomwa vivyo hivyo.

Kuna jambo la kadi za mkopo ambalo linastahili kutajwa hapa. Uingereza ilipiga marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo kuanzia tarehe 14 Aprili 2020, na Australia ikafanya hivyo kwa kamari ya mtandaoni kuanzia tarehe 11 Juni 2024. Sababu ni kwamba anayecheza kwa kadi ya mkopo anacheza kwa pesa ambayo si yake. Katika nchi ambako jambo hilo bado linaruhusiwa, malipo ya kamari kwenye kadi ya mkopo humtia mchambuzi wasiwasi mkubwa kuliko malipo yaleyale yaliyotoka kwenye akaunti ya mshahara.

Zisome taarifa zako kabla hajazisoma yeye

Hatua ya kwanza haihitaji benki wala wakala. Pakua taarifa za miezi 6 za akaunti zako zote, pamoja na zile usizozitumia sana, zichapishe au zifungue kwenye jedwali la kompyuta, kisha pitia mstari kwa mstari. Weka alama moja kwa kila malipo yaliyokwenda kwenye kamari, alama nyingine kwa kila fedha iliyorudi kutoka huko, na alama ya tatu kwa kila siku akaunti ilipoingia kwenye ovadrafti au ulipochukua mkopo mdogo wa haraka. Ni kazi ya jioni moja, na kwa mtu ambaye hajawahi kuifanya inaweza kuuma. Ifanye hata hivyo, kwa sababu mtu mwingine ataifanya baada yako, naye hatakuwa na sababu ya kukuonea huruma.

Ukishamaliza, tazama sura ya mwezi. Tuchukue mshahara wa 3,000 kwa mwezi, kwa sarafu yoyote ile. Tarehe 25 mshahara unaingia. Siku hiyohiyo 50 inakwenda kwenye kampuni ya kubashiri, kisha 50 tena, kisha 70. Tarehe 27 kampuni inarudisha 180, na kesho yake 180 ileile inarudi ilikotoka. Tarehe 9 akaunti imefika sifuri na kushuka chini yake kwa 60. Tarehe 11 inaingia 200 kutoka kwa mkopeshaji wa muda mfupi, na tarehe 12, kabla bili ya umeme haijalipwa, 100 inakwenda kwenye kamari. Jumla iliyotoka ni 450, yaani asilimia 15 ya mshahara. Lakini asilimia hiyo siyo inayomshtua mchambuzi zaidi. Kinachomshtua ni mpangilio: kucheza mara tu mshahara unapoingia, kuongeza dau ndani ya siku moja, ushindi kurudishwa mchezoni wote bila kubaki hata sehemu yake, na mkopo wa tarehe 11 kugeuka dau la tarehe 12.

Sasa linganisha na mtu mwenye mshahara huohuo ambaye kila Jumamosi hulipa 10, haongezi akishindwa, hakopi, na akaunti yake haijawahi kushuka chini ya 800 kwa miezi yote iliyoombwa. Huyu ametumia takriban 40 kwa mwezi, asilimia 1.3 ya kipato chake, na wachambuzi wengi watamhesabu kama mtu anayelipia burudani. Wote wawili wanacheza kamari. Mmoja anaonyesha kwamba ana kiasi. Mwingine anaonyesha kwamba mwezi wake haumtoshi, na mtu ambaye mwezi haumtoshi kabla ya marejesho ya nyumba hautamtosha baada ya hapo.

Kwa hiyo unapojipima, usijiulize tu "nimecheza kiasi gani?" Jiulize ulicheza siku zipi, mara ngapi kwa siku moja, fedha ilitoka wapi, akaunti ilikuwaje baada ya hapo, na kama miezi ya karibuni ni mizito au myepesi kuliko iliyotangulia. Mwelekeo una uzito mkubwa. Matumizi yaliyokuwa 450, yakawa 200, kisha yakakoma, yanasomeka tofauti kabisa na yaliyoanza 50 yakapanda hadi 450, ingawa wastani unaweza kukaribiana.

Kiasi unachopungukiwa kwenye mkopo

Athari si kukataliwa peke yake. Wapo wakopeshaji wanaochukua wastani wa matumizi ya kamari na kuuweka katika safu ya majukumu ya kila mwezi, kama wanavyofanya kwa mkopo wa gari. Madhara yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka na muda wa miaka 25, rejesho la 450 kwa mwezi linabeba mkopo wa takriban 70,000. Mwenye mshahara wa 3,000 tuliyemwona juu anaweza basi kukubaliwa, lakini akapewa mkopo uliopungua kwa kiasi hicho, na nyumba aliyoitaka ikawa haifikiki.

Hapo ndipo tofauti kati ya kilichotoka na kilichopotea inapokuwa na maana. Yule mtu alitoa 450 na akarudishiwa 180, hivyo alichopoteza hasa ni 270. Kwa hesabu ileile, 270 inabeba mkopo wa takriban 42,000. Mchambuzi au programu inayojumlisha malipo yaliyotoka bila kutoa yaliyorudi itamwona kuwa mzito zaidi ya alivyo. Usisubiri wao watengeneze hesabu hiyo. Tayarisha jedwali fupi la mwezi kwa mwezi lenye safu tatu, iliyotoka, iliyorudi na tofauti, na liambatane na historia ya miamala unayoweza kuipakua kutoka kwenye akaunti yako ya kubashiri. Lakini usivuke mpaka kwa kudai kwamba ushindi ni kipato. Hata ukiwa umetoka na faida miezi 3 mfululizo, mkopeshaji wa kawaida hataihesabu faida hiyo, kwa kuwa hakuna mkataba wala uhakika kwamba itaendelea mwezi ujao.

Miezi kabla ya kuomba

Dawa ya kweli ni muda. Taarifa zinazoombwa zina mwanzo na mwisho, na kila mwezi unaopita bila kamari unausukuma mwezi mbaya nje ya dirisha hilo. Kama mkopeshaji unayemlenga huomba miezi 3, panga ombi lako liende baada ya miezi 3 kamili bila dau hata moja. Kama huomba 6, subiri 6. Mimi ningeshauri 6 kwa kila mtu ambaye mpangilio wake unafanana na ule wa kwanza, kwa sababu mchambuzi akiona jambo moja la kumtilia shaka ana haki ya kuomba taarifa za nyuma zaidi.

Siku unapoamua kuacha, usitegemee nia peke yake. Toa salio lote lililobaki kwenye akaunti za kubashiri na zifunge. Salio dogo lililoachwa huko ni mwaliko wa kurudi. Iombe benki yako izuie malipo ya kamari. Benki nyingi zina kitufe hicho ndani ya programu ya simu, na zile zilizokitengeneza vizuri haziruhusu kizuizi kiondolewe papo hapo bali huweka subira ya saa 48 au 72 baada ya mteja kuomba kukiondoa. Kisha jisajili kwenye mfumo wa kujizuia kama nchi yako inao. Uingereza ina GAMSTOP, ambayo kila kampuni ya kamari ya mtandaoni yenye leseni ya huko inalazimika kujiunga nayo, na mtu huchagua kujifungia miezi 6, mwaka 1 au miaka 5. Australia ilizindua BetStop mwezi Agosti 2023. Wengine huogopa kwamba kujisajili huko kutawaharibia jina kwa mkopeshaji. Orodha hizo hazimo katika ripoti ya mikopo, na endapo wewe mwenyewe utaamua kumwonyesha mchambuzi uthibitisho wa kujisajili, utakuwa umemwonyesha hatua iliyochukuliwa, jambo lenye nguvu kuliko ahadi.

Wakati huohuo shughulikia vilivyoambatana na kamari. Ondoka kwenye ovadrafti kabla ya kitu kingine chochote. Lipa mikopo ya haraka uifunge, usichukue mingine. Hamisha kiasi fulani kwenda akaunti ya akiba kila mshahara unapoingia, ikiwezekana kiasi kilekile ulichokuwa ukitumia kubeti, ili miezi ile ile inayoonyesha kamari imekoma ionyeshe pia pesa ilikohamia. Mchambuzi anayeona 450 ya kila mwezi ikijikusanya mahali pamoja anapata jibu la swali lake kabla hajaliuliza.

Kuficha kunavyoharibu

Kuna njia nne ambazo watu hushawishika nazo, na zote zinamweka mwombaji mahali pabaya kuliko alipokuwa. Ya kwanza ni kupitisha pesa kwenye pochi ya mtandaoni kama PayPal, Skrill au Neteller ili jina la kampuni ya kubashiri lisionekane. Kinachoonekana badala yake ni malipo ya mara kwa mara kwenda kwenye pochi, na mchambuzi huomba taarifa ya pochi hiyo. Ya pili ni kutoa fedha taslimu na kwenda kucheza nazo. Pesa nyingi taslimu isiyo na maelezo huleta maswali mazito zaidi ya dau lililoandikwa wazi. Ya tatu ni kuacha kutaja akaunti moja. Akaunti hiyo hujulikana kwa njia rahisi: uhamisho wa kutoka akaunti iliyotajwa kwenda isiyotajwa umeandikwa, na akaunti yenye ovadrafti huonekana kwenye ripoti ya mikopo.

Ya nne ni kuhariri faili la taarifa, kufuta mistari au kubadilisha majina. Huo si ujanja, ni ulaghai. Mifumo ya wakopeshaji hukagua faili kama limeguswa, hukagua kama hesabu ya salio inalingana mstari kwa mstari, na hulinganisha na data iliyotoka benki yenyewe. Nchini Uingereza kutoa taarifa ya uongo ili upate mkopo ni kosa chini ya Sheria ya Ulaghai ya mwaka 2006, na mtu akiingizwa kwenye hifadhidata ya ulaghai ya Cifas alama yake hukaa hadi miaka 6, muda ambao hata kufungua akaunti ya kawaida kunaweza kuwa kazi ngumu. Kamari ya miezi 3 inasahaulika baada ya miezi 6. Ulaghai hausahauliki hivyo, na kwa maoni yangu hakuna nyumba inayostahili hatari hiyo.

Kuandika barua ya maelezo

Ikiwa huwezi kusubiri, labda kwa sababu muuzaji wa nyumba ana haraka au mkataba wako wa pango unakwisha, basi maelezo yatangulie swali. Barua nzuri haizidi ukurasa mmoja. Inataja tarehe na kiasi kama vilivyo kwenye taarifa, inasema kwa ufupi kilichotokea, inaeleza kilichobadilika na kuambatanisha uthibitisho. Haimlaumu mtu, haisimulii maisha yote, wala haijitetei. Kwa mfano:

"Taarifa zangu za kuanzia Januari hadi Machi zinaonyesha malipo ya jumla ya 1,100 kwenda kampuni mbili za kubashiri, ambapo 430 ilirudishwa. Malipo ya mwisho ni ya tarehe 14 Machi. Tangu tarehe hiyo nimefunga akaunti zote mbili, benki yangu imeweka kizuizi cha malipo ya kamari, na ovadrafti iliyotumika mwezi Februari imelipwa yote. Ninaambatanisha uthibitisho wa kufungwa kwa akaunti, uthibitisho wa kizuizi, na taarifa za Aprili na Mei zinazoonyesha akiba ya 300 kila mwezi."

Barua hiyo ina nguvu kwa sababu kila sentensi yake inaweza kuhakikiwa. Ikilinganishwa na ile inayosema "nilikuwa na msongo wa mawazo, sitarudia tena", mchambuzi ana kitu cha kuweka kwenye jalada na cha kumwonyesha mkubwa wake. Msongo wa mawazo unaweza kuwa wa kweli kabisa, na kama ulitokana na tukio lenye ushahidi, kama vile msiba au kupoteza kazi, utaje kwa sentensi moja. Usiufanye ndio barua yenyewe. Na usiandike "sichezi tena" kama bado unacheza, kwani mkopeshaji anaweza kuomba taarifa mpya siku yoyote kabla ya kutoa fedha.

Mnapoomba wawili

Katika ombi la wanandoa au wenzi, taarifa za wote wawili husomwa. Mmoja akiwa na nidhamu na mwingine akiwa na miezi yenye kamari nyingi, nidhamu ya wa kwanza haifuti mizigo ya wa pili. Hapa ndipo mambo huvunjika vibaya, kwa sababu mara nyingi mwenzi anagundua habari hizo mezani kwa afisa mikopo, mbele ya mgeni. Kwa hiyo taarifa zisomwe nyumbani kwanza, kwa pamoja na kwa utulivu. Mnaweza kuamua kusubiri, au kupima kama kipato cha mmoja kinatosha kuomba peke yake, ingawa njia hiyo ya pili ina maswali yake ya umiliki ambayo inafaa yaulizwe kwa mwanasheria kabla ya kutia saini. Akaunti ya pamoja haitamkwi kuwa ya mmoja kwa sababu tu ni yeye aliyecheza. Miamala yake ni ya nyote.

Ushindi kama malipo ya awali

Mara chache mtu hushinda kiasi kikubwa na kutaka kukitumia kama malipo ya awali ya nyumba. Jambo hilo linawezekana, ila sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha humlazimu mkopeshaji na mwanasheria kujua fedha ilitoka wapi. Hifadhi uthibitisho wa ushindi kutoka kwa kampuni, historia ya akaunti ya kubashiri inayoonyesha dau lenyewe, na taarifa ya benki inayoonyesha siku fedha ilipoingia. Marekani, kwa mikopo ya kununua nyumba inayofuata masharti ya Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, amana moja inayozidi asilimia 50 ya kipato cha mwezi kinachohesabiwa hutakiwa kuelezwa na kuthibitishwa, iwapo fedha hiyo inahitajika kwa malipo ya awali, gharama za kufunga mauzo au akiba. Huko ushindi pia hutozwa kodi, ilhali Uingereza mchezaji hatozwi. Fedha ikikaa kwenye akaunti ya akiba kwa miezi kadhaa bila sehemu yake kurudi mchezoni, maswali hupungua.

Kuchagua mkopeshaji, na ukikataliwa

Kwa kuwa sera zinatofautiana, wakala wa mikopo ya nyumba anayejua taasisi nyingi ana thamani kubwa kwa mwombaji wa aina hii. Mwonyeshe taarifa zote siku ya kwanza. Anaweza kuzungumza na wachambuzi bila kutaja jina lako, akajua nani huchukua wastani, nani hutazama miezi 3 tu, na nani hukataa mara moja akiona mikopo ya haraka pamoja na kamari. Wakopeshaji maalumu wanaokubali historia ngumu wapo pia, lakini riba zao kwa kawaida ni kubwa. Pima kama miezi michache ya kusubiri haitakuwa nafuu kuliko miaka kadhaa ya riba hiyo.

Ukikataliwa, usikimbilie taasisi ya pili, ya tatu na ya nne wiki hiyohiyo. Kila ombi kamili huacha alama ya uchunguzi kwenye ripoti ya mikopo, na alama hizo hukaa mwaka 1 au zaidi, kutegemea nchi. Alama nyingi ndani ya siku chache husomeka kama mtu aliyebanwa. Uliza sababu kwa maandishi, rekebisha kilichotajwa, na rudi na taarifa mpya. Uchunguzi mwepesi, ule wa kupata makadirio ya awali, hauonekani kwa wakopeshaji wengine na unaweza kuutumia kupima hali.

Kama kuacha kunashindikana

Yapo mazingira ambayo ushauri wote wa hapo juu hauna msaada. Ukiona umejaribu kuacha na kurudi zaidi ya mara moja, unacheza ili urudishe ulichopoteza, unakopa ili ucheze, au unamficha mwenzi wako, basi ombi la mkopo wa nyumba lisubiri. Shirika la Afya Duniani linautambua uraibu wa kamari kuwa ugonjwa katika orodha yake ya ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, na unatibika. Daktari, mshauri nasaha, au vikundi vya Gamblers Anonymous, ambavyo vilianza Los Angeles mwaka 1957 na sasa viko nchi nyingi, ni mahali pa kuanzia. Mkopo wa miaka 25 unaochukuliwa na mtu aliye katikati ya ugonjwa huo huweka rehani paa la familia nzima. Kumkatalia mtu huyo leo kunaweza kumwokoa, ingawa haonekani kuokolewa wakati barua inapofika.

Baada ya kukubaliwa

Barua ya kukubaliwa si fedha. Kati ya siku hiyo na siku mkopo unapotolewa zinaweza kupita wiki kadhaa au miezi, na mkopeshaji ana haki ya kuangalia upya hali yako kabla ya kukamilisha. Acha kizuizi cha benki kikae. Usifungue kadi mpya ya mkopo kwa ajili ya fanicha, usihamishe fedha za malipo ya awali kutoka akaunti moja kwenda nyingine bila sababu, na hifadhi taarifa za kila mwezi zinapotoka. Jedwali lako, barua ya maelezo na uthibitisho wake viweke katika faili moja. Riba ya awali itakapokwisha muda wake na ukataka kuhamia kwa mkopeshaji mwingine, taarifa zitaombwa tena, na zile za siku hizo zitakuwa za miezi mingine kabisa.